Jagi la Saa Tisa Usiku

Saa tisa usiku, wodini, muuguzi anachutama kando ya kitanda, anafungua mfuko wa mkojo na kuumimina kwenye jagi lenye alama. Analiinua hadi usawa wa macho, kwa kuwa ukilisoma kutoka juu linakudanganya. Anatazama kiasi, anatazama rangi, anaandika: mililita 90. Saa kumi atarudi, na saa kumi na moja, na kila saa mpaka kuche.

Mtu akisimuliwa upasuaji wa tezi ya pituitari hukumbuka kamera na vyuma virefu vinavyopita puani. Vina sifa yake, na nitavifikia. Ila kila nikiutazama ufundi huu, jicho langu hurudi kwenye lile jagi.

Tezi yenyewe ni kama punje ya njegere, uzito wake nusu gramu hivi. Imekaa kwenye kishimo cha mfupa katikati ya fuvu, ambacho wataalamu wa zamani walikiita tandiko la Kituruki. Kutoka hapo inaamuru ukuaji, hedhi, maziwa ya mama, tezi ya shingoni, tezi zilizo juu ya figo, hata kiasi cha maji ambacho figo ziachie. Uvimbe unaoota juu yake kwa kawaida si saratani. Ubaya wake ni mahali ulipo: ukikua kwenda juu unakandamiza njia panda ya mishipa ya macho.

Tuseme aliyepatwa ni mama mkulima wa Kitanga, huko nyanda za juu za Kigoma. Huenda asilalamikie kichwa hata kidogo. Anagonga bega kwenye fremu ya mlango aliouzoea miaka yote. Anamwaga maharage kwa kutouona ukingo wa ungo. Njiani kwenda shamba, bodaboda inamzukia ubavuni. Mbele anaona vizuri, pembeni kote kuna giza. Nyumbani wanasema ni uzee. Siku moja tabibu kijana wa zahanati anavuta kiti, anamwamkia, “Shikamoo mama,” kisha anamwomba amtazame puani bila kugeuza macho. Anatandaza mikono, anatikisa vidole huku na huku, akivisogeza taratibu kuelekea katikati. “Ukiviona, sema.” Mama anakaa kimya muda mrefu mno. Kipimo hicho hakigharimu hata senti, na safari ya rufaa inaweza kuanzia hapo: Kasulu, Maweni mjini Kigoma, Bugando kule Mwanza, au hadi Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Jina linataja mifupa, lakini taasisi hiyo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 ndiyo pia nyumba ya upasuaji wa ubongo, na wataalamu wake wamekwisha kuondoa uvimbe wa aina hii kupitia tundu za pua bila kufungua fuvu.

Mgonjwa akifika, haendi moja kwa moja kwenye kisu. Warina asali wa misitu ya Kibondo wanalijua hili: kabla ya mkono kuingia mzingani hutangulia kienge, na kienge kina wakati wake. Hapa kienge ni dawa. Kwanza hupimwa prolaktini, homoni ya maziwa. Ikiwa imepanda sana, mara nyingi uvimbe husinyaa kwa vidonge tu, kabagolini au bromokriptini, na mama akaepuka chumba cha upasuaji. Fundi hapimwi kwa alivyokata tu. Hupimwa pia kwa alivyoacha bila kukata.

Kisha huja kotisoli, homoni inayouwezesha mwili kustahimili mshtuko. Tezi iliyobanwa huenda haiagizi tena ya kutosha, kwa hiyo mgonjwa hupewa haidrokotisoni, na siku ya upasuaji huongezewa kwa sindano, kwa kawaida miligramu 100 anapoingizwa kwenye nusukaputi. Ikiwa na homoni ya shingoni imepungua, hupewa thairoksini, lakini baada ya haidrokotisoni, kamwe si kabla. Thairoksini huharakisha kazi zote za mwili. Ukiitanguliza unachochea kuni chini ya sufuria isiyo na maji, na mgonjwa anaweza kuanguka. Vidonge viwili vya kawaida kabisa, na uhai wa mtu uko katika utaratibu wa kuvimeza.

Mengine hupangwa vivyo hivyo. Aspirini husimamishwa siku 7 hivi kabla, damu isije ikachuruzika pasipoonekana. Presha na sukari hushushwa. Dawa za kienyeji huulizwa kwa upole, maana mgonjwa aliyegombezwa huficha. Mwenye homoni ya ukuaji iliyozidi, ambaye pete haimtoshi tena na ulimi umenenepa, hutazamwa koo mapema ili mtaalamu wa usingizi ajue mpira wa kupumulia utapita wapi.

Ndipo vyuma vinaingia. Mara nyingi hukaa mafundi wawili, bingwa wa pua na bingwa wa ubongo: mikono minne, mlango mmoja. Wanafungua uwazi ulio nyuma ya pua, wanaukwangua mfupa wa tandiko hadi uwe mwembamba kama ganda la yai, wakijua kwamba kulia na kushoto, milimita chache tu, inapita mishipa mikubwa inayolisha ubongo. Uvimbe huwa wa kijivu na laini kama uji mzito. Tezi nzima ni ya rangi ya manjano na imeshikamana zaidi. Kijiko kidogo chenye tundu kinachota kile, kinaiacha hii. Uvimbe ukiisha, utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu hushuka polepole kutoka juu. Fundi akiuona unashuka, anajua nafasi imepatikana.

Njia hii ilikaribia kusahaulika. Hermann Schloffer aliifungua mwaka 1907 huko Innsbruck. Harvey Cushing wa Marekani aliitumia mara 231 kati ya 1910 na 1925, halafu akairudia njia ya kufungua fuvu, na wengi wakamfuata. Mwanafunzi wake Norman Dott hakuiacha, kule Edinburgh. Akamwonyesha Gérard Guiot wa Paris, naye akamfundisha Jules Hardy wa Montreal, aliyeiongezea hadubini. Kotisoni, dawa ya ukoo wa haidrokotisoni, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1948, miaka 9 baada ya Cushing kufa. Mikono yake ilikuwa hodari, lakini kienge hakuwa nacho.

Upasuaji humalizika kwa saa chache, na hapo ndipo jagi linaposhika zamu. Tezi iliyoguswa inaweza kusahau kuziambia figo zizuie maji. Mkojo ukipita mililita 250 kwa saa, saa mbili au tatu mfululizo, mweupe kama maji ya kisima, muuguzi humwamsha daktari. Hupimwa sodiamu ya damu, na ikibidi hutolewa dawa ya desmopresini. Saa mbili asubuhi hupimwa kotisoli, muda ambao mwili wenye afya huwa umeitoa kwa wingi. Mgonjwa haruhusiwi kupenga kamasi wala kuinama, na akipiga chafya, apige mdomo ukiwa wazi. Maji meupe yakidondoka puani au chumvi ikionjeka kooni, aseme hapo hapo: huenda ni maji ya ubongo.

Mambo yakienda vizuri, wengi hutoka hospitalini baada ya siku 3 hadi 5. Ila kati ya siku ya 5 na ya 8 mwili unaweza kugeuka ukashikilia maji, sodiamu ikashuka, zikaja kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hata degedege. Anayeishi mtaa wa pili atarudi kupimwa damu. Wa Kitanga yuko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Muhimbili. Kwake kuruhusiwa wodini na kuruhusiwa kusafiri ni tarehe mbili tofauti, na ni heri alale kwa mpwa wake Mbagala wiki mbili kuliko sodiamu imshukie ndani ya basi la usiku.

Hatimaye anarudi. Mlango anaupita bila kuugonga. Ikiwa tezi haikuamka, atameza haidrokotisoni kila siku, na hapo kazi ya yule muuguzi inakuwa yake. Homa ya malaria ikimpanda, anaongeza dozi maradufu bila kungoja kuulizwa. Akitapika vidonge, anamwambia mwanawe atafute bodaboda ili akadungwe sindano kituoni. Vidonge kavifunga kwenye pindo la kanga, vya siku tatu zaidi ya safari aliyoipanga. Kila jioni, kabla ya kulala, anavihesabu kwa kidole.