Kupanga Insha juu ya Tablo: Taswira ya Utamaduni katika Uchoraji wa Lubumbashi

Insha nyingi zinazoandikwa vyuoni juu ya picha na utamaduni huharibika kabla ya sentensi ya kwanza kuandikwa. Huharibika katika mpango. Mwanafunzi huchukua karatasi, huandika «Utangulizi», chini yake «Utamaduni wa watu fulani», kisha «Namna picha inavyouonyesha utamaduni huo», na mwishoni «Hitimisho». Mpango wa aina hiyo unaonekana safi, na wasahihishaji wengi huupokea bila neno. Hata hivyo una kasoro moja kubwa: umekwisha kulijibu swali ambalo insha ilipaswa kuliuliza. Unachukua kwamba utamaduni upo mahali fulani, umekamilika na unajulikana kwa vitabu, na kwamba mchoraji alikuja baadaye kuuthibitisha kwa rangi. Mhakiki akipita njia hiyo hataiona picha, ila yale aliyokuja nayo.

Yafaa kuitazama hoja hii katika kisa kilicho karibu. Katika miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa Lubumbashi walikuwa wakipaka rangi juu ya vitambaa vya magunia ya unga na kuziuza kazi zao kwa bei ndogo kwa watu wa mjini, wengi wao wafanyakazi wa mshahara. Picha hizo, ambazo mjini ziliitwa tablo, zilitundikwa ndani ya sebule. Mojawapo ya zile zilizopendwa sana ilibeba maandishi ya Kifaransa «Colonie belge, 1885–1959». Aliyeichora mara nyingi, na ambaye jina lake limejulikana kuliko ya wenzake, ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji huo huo, ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville.

Mpango wa insha juu ya tablo hiyo hauna budi kuanza na maelezo ya kinachoonekana, tena maelezo ya polepole. Mtu amelazwa chini kifudifudi, anapigwa kiboko. Anayepiga ni askari mweusi. Mzungu amesimama kando, anatazama, mikono yake haina kazi. Bendera ya Ubelgiji iko juu. Wafungwa waliovaa mavazi ya mistari wanaendelea na kazi yao, na mara nyingi wako wanawake wanaoshuhudia. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba picha «inaonyesha ukatili wa ukoloni», na kwa kusema hivyo atakuwa amesema kweli na hajasema kitu. Picha inaonyesha zaidi ya hayo, yaani mgawanyo wa kazi ndani ya ukatili wenyewe: nani anaamuru bila kugusa, nani anagusa bila kuamuru, nani anatazama asiyeweza kufanya lolote. Mgawanyo huo unajulikana kwa kuangalia mahali kila mtu aliposimama juu ya kitambaa, haujulikani kwa kusoma sura ya historia. Ndiyo sababu maelezo hayawezi kuwa aya moja ya kupita tu. Katika insha ya kurasa kumi, kurasa tatu za maelezo si nyingi.

Baada ya hapo yaja maandishi yaliyomo ndani ya picha, na hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, kwa kuwa huyachukua kama kibandiko cha bidhaa. Yatazamwe yale makadirio mawili ya wakati. Kila kitabu cha shule kinafundisha kwamba mwaka 1885 ilianzishwa Dola Huru ya Kongo chini ya Leopold II, na kwamba Ubelgiji kama nchi iliichukua Kongo kuwa koloni yake mwaka 1908. Kwa hiyo «koloni ya Ubelgiji» iliyoanza mwaka 1885 ni kosa kwa mwalimu wa historia. Ni kosa pia kuimaliza mwaka 1959, maana uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Mhakiki asiye na subira ataandika pembeni: mchoraji hakusoma. Lakini mpango mzuri utatenga nafasi kwa swali jingine. Kwa mtu aliyepigwa kiboko, je, mwaka 1908 ulibadili nini? Na kuhusu 1959, msomaji akumbuke kwamta mwaka huo ulifunguliwa na ghasia za Léopoldville za tarehe 4 Januari, na kwamba ndio mwaka wa mwisho ambao Mbelgiji aliutawala mzima. Tarehe za tablo zina mantiki yake. Haziwezi kusahihishwa kwanza na kueleweka baadaye.

Jambo la tatu, ambalo katika mipango mingi halipo kabisa, ni neno ambalo wenye picha wenyewe walilitumia. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alionyesha pamoja na Ilona Szombati-Fabian kwamba thamani ya tablo kwa wanunuzi ilikaa katika neno «ukumbusho». Wanasarufi wana la kusema hapa, na inasikitisha kwamba wamelisema kidogo. «Kumbukumbu» ni kitu kilichohifadhiwa. Chaweza kulala katika sanduku. «Ukumbusho» umetoka katika «kumbusha», yaani kitenzi cha kusababisha: kuna anayekumbusha na kuna anayekumbushwa. Tablo ya sebuleni basi haikuhifadhi yaliyopita tu. Iliwafanya watu wayaseme, mgeni aulize, mzee ajibu, mtoto asikie. Picha isiyozusha maneno haikuwa ukumbusho, hata kama ilichorwa kwa ustadi. Mwanafunzi akilipata jambo hili mapema, mpango wake wote hubadilika, kwa sababu «kazi ya picha» haitakuwa tena sehemu ndogo karibu na hitimisho, itakuwa mhimili.

Kutokana na hilo lafuata swali la kurudiarudia. Tablo ya kiboko ilichorwa na wengi, tena na tena, kwa mpangilio unaofanana. Uhakiki uliofunzwa na majumba ya sanaa ya Ulaya hutafuta kazi moja ya pekee na huona aibu mbele ya nakala. Kwa tablo ya Lubumbashi kipimo hicho hakifai. Mnunuzi hakutaka picha ambayo hakuna mwingine anayo. Alitaka ile ambayo jirani yake ataitambua akiingia. Insha inayolinganisha michoro miwili au mitatu ya «Colonie belge», ikaonyesha kilichobaki na kilichobadilika, itajifunza mengi kuliko ile inayoisifu picha moja.

Ulinganisho mwingine wenye faida uko katika mji huo huo. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana yake ya wachoraji, iliyojulikana kwa jina la Hangar. Humo walitoka Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Samaki wa Pilipili na ndege wake ni wazuri, hakuna haja ya kubisha. Lakini picha za karakana hiyo zilipata wapenzi wao hasa miongoni mwa Wazungu, nazo ziliitwa sanaa ya Kiafrika halisi katika mji wa migodi, wa kambi za wafanyakazi na wa magereza, vitu ambavyo karibu havionekani ndani yake. Tablo za sebuleni zilikuja baadaye zikaonyesha hasa vitu hivyo. Ipi basi ni taswira ya utamaduni wa Élisabethville? Mpango unaotaka jibu moja utalazimika kuitupa nusu ya mji. Ni afadhali uulize kila taswira ilichorwa mbele ya macho ya nani.

Swali hilo la macho ya nani humrudia Tshibumba mwenyewe kwa namna ngumu zaidi. Alipokutana na Fabian mwaka 1973, alijieleza kuwa mwanahistoria, na kati ya mwaka huo na 1974 alimchorea mfululizo wa picha zaidi ya mia moja juu ya historia ya Zaire, tangu wakati wa bankambo hadi siku zake. Humo yumo Lumumba aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Mpolo na Okito, misalaba mitatu nyuma yao, na damu inayoandika ardhini neno «unité». Kitabu cha Fabian juu ya mfululizo huo kilitoka mwaka 1996, na picha zenyewe zimo katika jumba la mjini Amsterdam lililoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023. Ni hazina kubwa. Lakini hazikutundikwa katika sebule ya mfanyakazi wa mgodi. Zilichorwa kwa kuagizwa na msomi mgeni, zikaelezwa mbele ya kinasa sauti. Kuziita «sauti ya wananchi» bila kulitaja hilo ni uzembe. Na kuzikataa kwa sababu hiyo ni uzembe wa pili, kwa kuwa mambo mengi aliyoyachora humo, kama mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa mwaka 1941, hayakuhitaji mgeni ili yakumbukwe mjini. Jambo hili lisemwe katika kurasa za kwanza za insha, wala lisifichwe chini ya ukurasa wa mwisho.

Juu ya rangi na ustadi wa mkono si lazima kukaa sana, isipokuwa mwanafunzi amejifunza kweli mambo hayo. Insha zinazosema kwamba nyekundu ni damu na nyeusi ni huzuni zingeweza kuandikwa juu ya picha yoyote duniani.

Limebaki suala la lugha, na kwa idara ya Kiswahili ndilo zito kuliko yote. Maandishi ndani ya tablo kwa kawaida ni ya Kifaransa, bali maneno yaliyosemwa mbele yake yalikuwa ya Kiswahili. Mwanafunzi anayesoma maandishi peke yake atadhani kwamba picha inazungumza lugha ya ofisi. Mazungumzo ya Tshibumba na Fabian yalifanyika kwa Kiswahili cha Shaba, na yamenakiliwa hivyo. Mpango uweke siku za kuyasoma katika lugha hiyo, bila kupitia tafsiri ya Kiingereza. Na anapoyanukuu, mwanafunzi asiyanyoshe. Mtu wa Lubumbashi anayesema «muntu» hakukosea «mtu», wala «mamba muntu», yule mwanamke wa majini ambaye naye alitundikwa katika sebule nyingi, hapati maana zaidi akiandikwa kwa tahajia ya pwani. Katika jina hilo mna mamba, katika mchoro mna mkia wa samaki, na tofauti hiyo peke yake yatosha kuwa sura nzima ya insha.