Sala na Maombi: Lugha ya Ibada kwa Jirani Zetu Wakatoliki

Sisi Walutheri tumezoea kusema kwamba Wakatoliki walikubali mwaka 1963 jambo ambalo Luther alikwisha kulitekeleza mwaka 1526, alipotoa utaratibu wa Misa kwa Kijerumani. Usemi huo una ukweli wake, lakini haumsaidii anayetaka kuelewa maisha ya sala katika parokia kama ya Chumbageni, lilipo Kanisa Kuu la Jimbo la Tanga. Hati ya Liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ya tarehe 4 Desemba 1963, iliruhusu lugha za watu; haikukifuta Kilatini. Wala Kiswahili hakikuanza kusaliwa siku hiyo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na mmoja wao, Charles Sacleux, alikichunguza Kiswahili hata akatoa kamusi kubwa (1939–1941). Padre alisema Kilatini altareni. Waumini walikuwa na Rozari na katekisimu kwa lugha walizozielewa.

Kwa maoni yetu, basi, badiliko lilikuwa la mahali kuliko la lugha. Muumini aliyezoea kusali Rozari kimya wakati wa Misa sasa alitakiwa kuitikia pamoja na wenzake. Rozari ikahitaji makao mengine, na Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele mwaka 1973 na tena mwaka 1976, ziliipokea nyumbani kwa watu.

Penye udhaifu ni tafsiri. Mwaka 2001 Roma ilidai tafsiri zifuate Kilatini kwa karibu sana. Mwaka 2017 Papa Fransisko akawarudishia maaskofu sehemu kubwa ya kazi hiyo. Hasara ya kufuata neno kwa neno yaonekana katika neno dogo tu, *spiritus*. Likigeuzwa kuwa "roho", msikilizaji wa Tanga husikia mengi: mtu hukata roho, mwingine ana roho mbaya, wa tatu roho yamuuma. Mfasiri anayelinda asili na kusahau masikio ya mwambao amefanya nusu ya kazi. Walakini tusisahau "kipaimara", kile kinachompa mtu uimara. Ni neno zuri, na sisi wenyewe twalitumia bila kuuliza limetoka wapi.

Zaidi ya hayo liko neno "sala". Katika mji ambao majirani wengi ni Waislamu, neno hili laeleweka mara moja: ni ibada yenye maneno na wakati wake, tofauti na dua. Wakatoliki wamelishika. Sisi twapendelea "maombi", yaani maneno yanayobuniwa papo hapo, na uamsho wa Karismatiki umeyapeleka maombi ya namna hiyo hata kwao. Hatuyapingi. Lakini mgonjwa asiye na nguvu za kubuni sentensi, au mjane siku ya tatu ya msiba, huhitaji maneno yaliyokwisha kukaa kinywani. Bibi Mkatoliki anayo. Luther naye aliweka sala za asubuhi na jioni katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, zisemwe nyumbani. Wachungaji wenzetu, na ninyi wanafunzi mnaokaribia kubarikiwa, ni wangapi kati yetu wanaoweza kuzisema bila kitabu?