Subira Yenye Saa

Bibi yangu alikuwa akisema kazi ya kwanza ya mkono wa mkunga ni kutulia mapajani. Niliyaona hayo maneno ya uvivu mpaka usiku ule mbwa wetu, Popi, alipozaa stoo, nyuma ya nyumba yetu Moshi.

Bibi hakuwa daktari. Alizoea kuzalisha mbuzi wa majirani, na mimba ya Popi aliihesabu kwenye kalenda ya ukutani: siku kama 63. Asubuhi ile kipimajoto alichoachiwa na bwana mifugo kilishuka hadi nyuzi 37, ilhali mbwa mzima huwa na 38 na ushee. "Leo, au alfajiri," akasema. Kutwa Popi alikataa ugali, akahema, akaparura magunia kama anayechimba shimo. Bibi akatandika khanga kuukuu, akachemsha uzi na mkasi, kisha akanifukuza na tochi yangu. "Anayezaa hatazamwi kama sinema."

Watoto wawili walikuja wenyewe. Popi aliwapasulia chupa, akawalamba, akakata vitovu kwa meno. Bibi hakugusa kitu. Alitazama saa tu, na kuhesabu kila kondo lililotoka.

Kisha Popi akaanza kusukuma bila kutoka kitu. Bibi akaniita, akanipa karatasi niandike saa. Mbwa akipumzika hata saa nzima kati ya mtoto na mtoto, mwache. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto, kuna kilichokwama. Jirani alishauri adungwe sindano ya kuongeza uchungu. Bibi akakataa katakata: njia ikiwa imeziba, uchungu wa kuongezwa hupasua kizazi.

Dakika ya 20 yakaonekana matako na mkia, bila miguu. Mtoto wa mbwa kutanguliza miguu ya nyuma ni jambo la kawaida. Hatari ni huyu aliyekunja miguu kuelekea tumboni. "Mpigie bwana mifugo sasa hivi," akaniambia, huku ananawa hadi viwiko. Akashika nyonga zile ndogo kwa kitambaa safi, akangoja. Uchungu ulipokuja, akavuta taratibu kuelekea chini, upande wa visigino vya mama. Ulipoacha, naye akaacha. Mara ya tatu mtoto akatoka, amelegea kama soksi iliyolowa. Bibi akampangusa pua na mdomo, akanitupia taulo: "Sugua!" Nikasugua mpaka akalia, sauti kama ya bawaba kavu.

Bwana mifugo alipofika na pikipiki yake, alimpapasa Popi tumbo, akasema amebaki mmoja. Huyo alikuja mwenyewe. Kabla jogoo hajawika, wote wanne walikuwa wananyonya dang'a.

Tunasema subira huvuta heri, lakini iko subira ya asiyejua la kufanya, nayo huua. Subira ya Bibi ilikuwa na saa ndani yake. Alijua dakika ambayo kungoja hugeuka uzembe, na alijua pia mahali ujuzi wake unapokoma, ndiyo maana simu ilitangulia mkono.

Karatasi ile ningali nayo. Saa 4:10, mtoto. 4:50, mtoto. 5:35, anasukuma. 5:55, matako. Baada ya hapo ni tupu, kwa sababu mikono yangu nayo ilikuwa imepata kazi.