Picha za mimea za bure: mbona mbuyu hauonekani?

Rafiki yangu hapa Msalato anatengeneza kadi za harusi. Anachukua michoro ya zamani ya mimea mtandaoni, anachapa, anakata, anabandika. Kazi safi kabisa. Ila karibu kila kadi ina waridi. Nikamuuliza, mbona huweki mbuyu, na hapo nje umesimama? Akanijibu: "Nimeutafuta, sijaupata."

Jibu lake ndilo lililonifanya niipitie Biodiversity Heritage Library kwa jicho la mkosoaji. Hii ni maktaba ya mtandaoni yenye zaidi ya kurasa milioni 60 za vitabu vya viumbe, nayo ni bure. Michoro ya karne ya 19 haki zake zimeshakwisha, kwa hiyo hata kadi ya kuuza unaweza kuitengenezea. Kwa hilo, maktaba hii ni zawadi kweli kweli.

Na mbuyu umo! Jarida la Uingereza linaloitwa Curtis's Botanical Magazine liliuchora mwaka 1828. Jarida hilohilo mwaka 1895 lilichora ua dogo la zambarau kutoka Usambara, Saintpaulia. Tatizo ni mlango wa kuingilia. Michoro imepangwa kwa majina ya kisayansi ya enzi ile, si kwa Kiswahili. Ukitaka mbuyu, andika Adansonia digitata. Ukitaka lile ua, usitumie jina jipya la Streptocarpus, maana mabadiliko hayo ni ya mwaka 2015 na kitabu cha 1895 hakiyajui. Migunga nayo itafute kwa jina la zamani la Acacia, hata kama leo wataalamu wanaiita Vachellia au Senegalia.

Kasoro ya pili ni yetu sisi watumiaji. Tunapenda rangi, kwa hiyo tunaishia kwenye maua ya bustani za Ulaya. Mwaka 1860 msafara wa Speke na Grant ulipita hapa Ugogo, na Grant alikusanya mimea njiani. Matokeo yalichapishwa London kati ya 1872 na 1875 katika jarida la Linnean Society, pamoja na michoro ya Walter Hood Fitch. Mingi ni mistari mitupu, bila rangi. Kwa kadi unaweza kuiona imepooza, lakini kwa batiki au kudarizi naona inalipita waridi: mstari uko wazi, unaufuata kwa sindano bila kubahatisha.

Ukishaupata mchoro, pakua ukurasa wenyewe kwa ukubwa wake wote. Usipige picha ya skrini, ukichapa itatoka na ukungu.

Halafu usikate maelezo ukayatupa. Hapo ndipo ninapogombana na rafiki yangu. Mchoro bila jina ni pambo tu. Wenye jina ni sayansi. Nyuma ya kadi andika mbuyu, Adansonia digitata, kitabu na mwaka, kisha jina la Kigogo utakaloambiwa na bibi yako. Maktaba ina kurasa mamilioni, lakini jina analolijua bibi huenda halijaandikwa popote. Tusipoliandika sisi, mtoto atakayepokea kadi ataendelea kudhani kwamba mimea iliyostahili kuchorwa ni ya kwa wenzetu.