Pwani Haikubali Mstari

Rubani anayeruka kwa macho kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja huongozwa na pwani. Hupita visiwa vya Mbudya na Bongoyo vikiwa chini yake, huvuka mkondo, kisha hutafuta kisiwa cha Changuu na paa za Mji Mkongwe. Kwenye simuleta ya ndege, alama hizohizo ndizo huharibika mapema. Mlima ukipotoka mita 20, wachache watagundua. Ufuko ukipotoka mita 200, njia ya kurukia ndege iliyo karibu na bahari inaweza kujikuta majini.

Chanzo cha kwanza cha makosa kilikuwa ramani zenyewe. Kwa miaka mingi data huria iliyofunika dunia nzima ilikuwa VMAP0, iliyotokana na ramani za marubani za kipimo cha 1:1,000,000, na mandhari ya zamani ya simuleta ya FlightGear yaliitegemea kwa kiasi kikubwa. Kwa kipimo hicho, kilomita 1 ni milimita 1 karatasini. Changuu, chenye urefu wa mita 800 hivi na upana usiozidi sana mita 230, hakifiki milimita hiyo. Mchora ramani hubaki na njia mbili: akiache, au akikuze kiwe doa linaloonekana. Mstari wa wino wenye unene wa nusu milimita nao humeza nusu kilomita, ambayo yatosha kuziba maji ya Likoni na kuunganisha kisiwa cha Mombasa na bara upande wa kusini. Ramani ile ilifaa kwa kazi yake, yaani kumwonyesha rubani aliye juu umbo la nchi. Shida ilianza tulipoitumia kuruka kwenye kimo cha futi 500.

Mwaka 2000, mwezi Februari, chombo cha anga Endeavour kilipima sura ya dunia kwa rada kwa siku 11, katika mradi wa SRTM. Maji hayarudishi mwangwi mzuri wa rada, hivyo wahariri wa data walilazimika kuchora kingo za maji na kuilaza bahari kwenye sifuri. Kingo hizo zilikuwa bora mno kuliko za VMAP0. Lakini lengo la usahihi wa kimo katika mradi ule lilikuwa kosa lisilozidi mita 16, wakati bamvua ya Zanzibar, yaani maji yanapojaa na kupwa kwa kiwango kikubwa zaidi, hupandisha na kushusha bahari kwa mita 4 hivi. Kupwa na kujaa kote kunatoshea ndani ya kosa la kipimo, nafasi ikabaki.

Delta ya Rufiji inaonyesha ubaya wa kosa hilo la kimo zaidi kuliko mahali pengine ninapopajua. Rada ile iligonga vilele vya mikoko badala ya tope lililo chini yake. Kwa hiyo msitu unaooga maji ya chumvi kila siku huingia kwenye simuleta ukiwa uwanda ulioinuka, na ukingo wake unakuwa genge dogo linaloangukia baharini. Hakuna genge Rufiji. Na delta hii ina haki ya kuonekana vizuri kutoka angani: mwaka 1915, ndege zilizoruka kutoka Kisiwa cha Mafia ndizo zilizoelekeza mizinga ya Waingereza kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika mikono hiyo ya mto.

Kisha ikaja ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo simuleta ya X-Plane ilianza kuitumia katika toleo la 10, mwaka 2011. Pwani humo huchorwa kwa kanuni moja kali: ukifuata mwelekeo wa mstari, nchi kavu iwe kushoto na bahari kulia. Mchangiaji mmoja akigeuza kipande cha mstari, au akiacha mwanya, programu inayojaza maji yaweza kuzamisha wilaya nzima. Makosa ya namna hiyo hugundulika haraka, kwa sababu hayafichiki. Gumu zaidi ni kanuni ya pili, kwamba mstari upite mahali maji ya bamvua yanapofika yakijaa.

Hapo ndipo picha za satelaiti zinapogombana na ramani. Satelaiti ya Sentinel-2 hupita juu ya kila mahali karibu na saa 4:30 asubuhi kwa saa ya jua. Kwenye pwani ya Zanzibar, siku za bamvua maji hupwa kabisa takriban saa hiyohiyo, na hujaa alasiri kwenye saa 10. Satelaiti hiyo basi huiona bamvua ikiwa imekauka, na maji yakiwa yamejaa huyaona siku za maji mafu tu, yanapojaa kidogo. Ule mstari ambao kanuni inautaka hauoni ukiwa na maji hata siku moja. Anayechora kwa kufuata picha pasipo kutazama jedwali la maji atausogeza ufuko kuelekea baharini, na ataamini kwamba amekuwa mwangalifu.

Nenda Paje, mashariki mwa Unguja. Maji yakipwa, bahari hurudi nyuma kilomita moja na zaidi kuelekea mwamba, na wanawake hutoka kwenda kuhudumia mwani uliofungwa kwenye kamba na vigingi. Picha iliyopigwa saa hiyo inaonyesha mashamba hayo, mchanga mweupe na vidimbwi. Simuleta ikitii mstari wa maji kujaa, inayafunika yote kwa buluu ya bahari kuu. Ikitii picha, inaubandika mchanga mkavu mahali ambapo alasiri mtu hupita kwa ngalawa. X-Plane 11 na FSX hazina kupwa na kujaa, hivyo lazima mtengenezaji achague saa moja na kuishi nayo.

Binafsi naunga mkono njia ya Ortho4XP, programu ya kutengenezea mandhari ya X-Plane kwa picha. Mstari wa OpenStreetMap hubaki kuwa ukingo wa nchi, lakini picha haikatwi hapo. Huendelea baharini na kufifia taratibu chini ya maji ya simuleta, hivyo mwani na mchanga huonekana kama vitu vilivyo kwenye kina kifupi. Ni saa ya maji ya kati, na jicho la rubani huikubali.

Kasoro yake ni upana wa huko kufifia, ambao kwa kawaida huwekwa mara moja kwa kipande kizima cha digrii 1. Kipande kilicho kati ya kusini 6 na 7, mashariki 39 na 40, kina Dar es Salaam, Mji Mkongwe na Paje kwa pamoja. Upana unaoitendea haki Paje humwaga mchanga wa uongo mbele ya bandari, na unaofaa bandari huikata Paje katikati ya mashamba. Kwa upande wa mashariki, barakoa ya maji, inayoongoza kufifia huko, inabidi ichorwe kwa mkono, ikifuata mwamba pale mawimbi yanapovunjika, kutoka Jambiani hadi Michamvi. Mwamba huo huonekana kwenye picha maji yakiwa yamejaa au yamepwa.