Cheti cha Reli: Tazama Wino Kabla ya Treni

Anayeanza kukusanya vyeti vya zamani vya hisa za reli za Marekani huvutwa kwanza na picha ya treni. Mimi ningemwambia aanze na wino. Vyeti bora vya karne ya 19 vilichapwa kwa mabamba ya chuma yaliyochongwa, karatasi ikakandamizwa kwa nguvu hata wino ukatuna juu yake. Pitisha ncha ya kidole polepole, utaihisi mistari. Kisha chukua kioo cha kukuzia. Mstari wa mchongaji hunenepa na kukonda bila ukungu. Nakala za siku hizi huonyesha vidoto vidoto. Ukiviona, rudisha, hata kama bei ni ya kutupa. Kazi za American Bank Note Company, iliyoanzishwa mwaka 1858, ni shule nzuri ya jicho. Chunguza nyuso na mikono ya watu, maana hapo ndipo mchongaji dhaifu huumbuka.

Nakshi hizo ziliwazuia waghushi, lakini hazikumkinga mwenye hisa dhidi ya wakurugenzi wake mwenyewe. Mwaka 1868, tajiri wa reli Cornelius Vanderbilt alipokuwa akinunua hisa za reli ya Erie ili aitawale, wakurugenzi wa reli hiyo Daniel Drew, Jay Gould na James Fisk walizidi kutoa hisa mpya zilizopunguza thamani ya zile za awali, naye akazidi kununua. Ndiyo maana cheti cha Erie cha miaka hiyo nakisoma pande zote mbili: tarehe, jina la mwenyewe, na nyuma, hisa zilihamishiwa nani.

Wengi huogopa matundu. Mimi siyaogopi. Hisa zilipouzwa, cheti kilirudishwa ofisini kikatobolewa au kupigwa muhuri kisitumike tena. Tundu ni ushahidi kwamba kilikuwa na mwenyewe. Kitupu kisichojazwa jina, hata kiwe safi namna gani, kwangu kiko chini ya kilichotobolewa. Kinachoharibu ni tundu lililopita juu ya sahihi, hasa sahihi ya mkono ya Vanderbilt au Gould, kwani hiyo ndiyo inayopandisha bei.

Vyeti vya Penn Central, kampuni iliyofilisika mwaka 1970, vimebaki vingi na ni vya bei nafuu. Jifunzie hivyo. Na chochote utakachonunua, usikigusishe selotepu wala usikitundike panapopiga jua: wino wa kalamu hufifia, na sahihi iliyofifia hairudi.