Mbwa Kijana Akikataa Brashi: Utafiti Mzuri, Tafsiri Mbovu

Kama una mbwa wa miezi 8 anayekimbia akiona brashi, huenda umeshaambiwa, "Ni balehe tu, itapita, hata sayansi inasema." Sayansi ipi? Utafiti unaofaa kusomwa hapa ni wa Lucy Asher na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Biology Letters. Walipima mbwa 69 kwa amri moja: "Kaa!" Wakiwa na miezi 8, mbwa hao walimtii mlezi wao kidogo kuliko walipokuwa na miezi 5. Cha ajabu, mgeni akitoa amri ileile, ubishi huo haukuonekana.

Hapo ndipo penye uzuri wa utafiti huu: kwa kulinganisha mlezi na mgeni, unatuonyesha kwamba mbwa hakuwa amesahau amri. Lakini kukaa si kuchanwa. Kukaa hakuumi, brashi ikivuta manyoya yaliyosokotana inauma, na ukucha ukikatwa hadi kwenye mshipa wa damu unauma zaidi. Tena, hao walikuwa mbwa wa kuandaliwa kuongoza wasioona, si mbwa wa kila nyumba.

Kwa hiyo usiseme "balehe" kabla hujakagua ngozi, masikio na kucha. Wala usimkandamize chini eti ajue bosi ni nani. Balehe itapita kweli; kumbukumbu ya maumivu huenda isipite. Mguse kidogo kwa brashi, mpe kipande cha nyama, mwache. Kesho ongeza.